Chumba cha bei nafuu ukisafiri: angalia mtandaoni, ila piga simu kabla hujabuku

Nianze na hili kabisa, ile bei ya chumba unayoiona ukifungua Booking.com au Airbnb kutafuta pa kulala Zanzibar au Arusha mara nyingi siyo bei yako wewe Mtanzania. Hiyo amewekewa mtu anayetua KIA na begi lake mgongoni kutoka Ujerumani. Bei yako ipo, ila haijaandikwa popote, anayo dada wa mapokezi, na unaipata kwa kumpigia simu mkaongea Kiswahili mkaelewana. Mi nasafiri sana, kikazi na hata na familia, na huwa inaniuma kweli nikisikia mtu kaahirisha safari ya kwenda kuiona Nungwi au hata ya kwenda kumuuguza ndugu yake Dar kwa sababu "nimeangalia hoteli ni ghali mno", ukimuuliza umeangalia wapi anakuonesha skrinishoti ya aplikesheni basi, hajampigia mtu hata mmoja.

Hizi aplikesheni siyo za bure, tuelewane. Booking.com walianzia Uholanzi mwaka 1996, Airbnb wakaanza San Francisco 2008, na wote wanaishi kwa kamisheni. Booking kwa kawaida wanamkata mwenye nyumba karibu asilimia 15 ya anacholipa mgeni. Sasa piga hesabu. Chumba kimeandikwa 80,000 kwa usiku, mwenye lodji hapati 80,000, inatoka 12,000 anabaki na 68,000 na hapo hajalipa umeme, kodi wala mfanyakazi. Ukimpigia ukamwambia kaka mimi nina 70,000 nalipa nikifika mapokezi, yeye kapata zaidi ya alichokuwa anapata na wewe umebaki na 10,000 ya chakula cha usiku. Ndo maana wengi wanakubali haraka kuliko unavyofikiri. Kitu nisichokipenda ni mtu kubuku kwanza mtandaoni afu ndo anampigia mwenye lodji kumwambia "nifutie huko nije nikulipe mkononi", hiyo inamuweka mwenzako pabaya na hao aliosaini nao mkataba, wanaweza wakamshusha chini kwenye orodha au wakamtoa kabisa. Piga kabla hujabuku, hapo humkosei mtu yeyote.

Mtandao wenyewe nautumia sana, ila kwa ramani na kwa maoni ya waliolala pale. Ramani kwanza maana bei ya chumba bila nauli ya kufika ni nusu ya habari. Mfano Morogoro, ukishuka na basi unashukia Msamvu, ila ukija na treni ya SGR, ambayo toka 2024 watu wengi wa Dar ndo wanapanda hiyo, unashukia Kihonda, sasa ukiwa umechukua gesti ya 25,000 upande wa pili wa mji afu umefika usiku, bodaboda ya kwenda, ya kesho yake kwenda kwenye shughuli zako, ya kurudi stesheni, mwisho wa siku ile ya 35,000 iliyokuwa karibu ilikuwa nafuu. Kwa hiyo mi naweka kwanza alama pale ninapoenda kufanya shughuli, afu natafuta vyumba kuzunguka hapo.

Maoni nayo yasome ya miezi ya karibuni, ya miaka mitatu nyuma achana nayo, meneja anaweza akawa kashabadilika mara mbili. Angalia lalamiko linalojirudia. Mgeni mmoja akisema maji yalikatika hiyo bahati mbaya, wakisema wanne basi pale maji ni shida. Afu usipunguze alama kwa sababu mtu wa Ulaya kalalamika adhana ya alfajiri au jogoo, sisi tumekulia humo. Tafuta maoni ya Mtanzania au Mkenya, hao wanaandika vitu vya maana, chai ilikuwa ya aina gani, gari lilipaki wapi, baa ya jirani inazima muziki saa ngapi. Na picha ziangalie zile walizopiga wageni wenyewe maana za mwenye nyumba zilipigwa siku ya ufunguzi shuka zikiwa mpya.

Haya sasa simu. Namba naichukua Google Maps au kwenye ukurasa wao, na napiga katikati ya wiki, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa hivi mchana, huo muda waliolala jana wameshatoka na wapya hawajaingia, mapokezi wametulia na wanajua usiku huo wana vyumba vingapi vitupu. Ukipiga Jumamosi jioni utajibiwa haraka haraka na bei haishuki hata mia. Na salamu muhimu, usiingie na "chumba bei gani" kama unauliza nyanya sokoni. Mi huwa hivi, "Habari za kazi dada, poleni na baridi ya huko Iringa. Nimeiona nyumba yenu mtandaoni nimeipenda, nakuja Alhamisi naondoka Jumamosi, nauliza kama mna self ya watu wawili, na sisi wazawa mnatufanyiaje bei." Hapo akitaja bei simjibu palepale, namuuliza kwanza, hiyo ni kwa chumba au kwa mtu? Na chai ipo humohumo? Maji ya moto yanatoka bombani au mnaleta kwenye ndoo? Umeme ukikatika mna jenereta? Chandarua kipo? Saa ngapi mnataka tutoke asubuhi, saa nne au mnaweza kutuvumilia mpaka saa sita? Na kuna baa au kanisa lenye spika jirani? Akimaliza ndo namwambia, sasa dada tuko siku mbili, tufanyie elfu kadhaa. Hilo la kwa mtu au kwa chumba naomba ulikariri, familia nyingi zinaumia hapo, unasikia 60,000 unafurahi kumbe ni kwa kichwa na nyie mko wanne.

Mkishakubaliana mwambie akutumie kwa wasap kavideo kafupi ka chumba chenyewe, akifungua bomba na akiwasha taa. Anayekataa kabisa na ana simu ya kutosha, mi naachana nae.

Kuna sababu nyingine ya kupiga simu ambayo haihusiani na hela. Lodji zetu nyingi ndogo, aliyeziweka mtandaoni siyo aliyekaa kaunta. Mwenye nyumba yuko Dar, akaunti iko kwenye simu yake au ya mwanae anayesoma chuo, na huku mkoani dada wa mapokezi ana daftari tu. Mdogo wangu alishafika lodji moja ya nyanda za juu kusini, saa nne usiku, ana ujumbe wa kuthibitishiwa kwenye simu, akaambiwa hatuna taarifa zako na vyumba vimejaa, semina ya walimu imechukua vyote. Dada wa watu hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyempa habari. Wakampigia bosi hapokei. Ikabidi atafute gesti nyingine na bodaboda kwenye baridi ile na mtoto mgongoni. Kwa hiyo hata kama umeamua kubuku mtandaoni, siku moja kabla piga simu kaunta, taja jina lako waliandike kwenye daftari, muombe na jina lake yeye anayekuandikia.

Sasa kuna vyumba ambavyo kwenye aplikesheni huvioni kirahisi au huvioni kabisa na ndo ninavyovipenda kuliko vyote, hosteli za makanisa na za taasisi. Hapa Dar kuna kituo cha Baraza la Maaskofu kule Kurasini, kuna Msimbazi Center pale Ilala, kuna Luther House karibu na kanisa la Azania Front ambapo unatoka nje uko mjini na boti za Zanzibar unazifuata kwa miguu, kuna YMCA Upanga. Moshi kuna YMCA ambayo kila mtu anaijua mpaka mzunguko wa barabara umepewa jina lake. Iringa Walutheri wana nyumba ya wageni, Mbeya Wamoravian nao wanapokea wageni. Kwa kifupi mji wowote wenye makao makuu ya dayosisi ulizia, utakuta wana sehemu ya kulaza watu maana wao wenyewe wana mikutano na semina na wageni wao lazima walale. Hawakuulizi dini, rafiki zangu Waislamu wanalala huko kila siku. Masharti yapo, pombe hakuna, geti linafungwa mapema, na ukija na mwenza usishangae ukiulizwa kama mmefunga ndoa, ila chumba kisafi, mlinzi yupo, chakula cha kantini bei ya kawaida na usiku ni kimya. Mwanamke anayesafiri peke yake mi ndo sehemu ya kwanza namwambia. Kubuku kwao ni simu tu, na wapigie mapema kwa sababu kongamano likiingia wanajaa wote.

Na hapa niseme jambo la wagonjwa maana ndo linalonigusa zaidi. Kuna watu wanatoka Kigoma, Rukwa, Mtwara, wanakuja Muhimbili au Ocean Road, mgonjwa wa mionzi anaweza akahitaji wiki kadhaa anakwenda na kurudi, na ndugu anayemuuguza hana pa kulala. Wanaishia kwenye gesti ya usiku kwa usiku, 20,000 leo 20,000 kesho, wiki ya pili hela ya dawa imeisha. Tafadhali kama una ndugu wa namna hiyo msaidie kufanya mazungumzo kabla hajapanda basi. Gesti yoyote ukiwaambia tunakaa wiki tatu tunalipa kila wiki, bei inashuka, wao wanapenda chumba kisikae kitupu, na waelezeni wazi kuwa kuna mgonjwa, wapo wenye moyo watawapa chumba cha chini msipande ngazi. Ongea na zile hosteli nilizotaja pia. Na ukipata chumba chenye ruhusa ya kupika hata uji tu, hiyo ni nafuu kubwa kuliko punguzo la elfu mbili tatu kwenye bei.

Kwa wa kwenda hifadhini, TANAPA wenyewe wana mabanda, nyumba za kupumzikia na hosteli ndani ya hifadhi, Mtanzania analipa kwa shilingi kwa kontrol namba na ni tofauti kubwa mno na zile lodji za kitalii zilizopo mulemule. Shule na vikundi ndo wanazitumia sana, familia nyingi hazijui kama zipo. Na chuo cha hoteli na utalii cha VETA kule Njiro Arusha kinapokea wageni wa kulala, unahudumiwa na wanafunzi na wanajitahidi kweli kwa sababu mwalimu anawaangalia.

Zanzibar ina mambo yake. Msimu wa juu ni Julai na Agosti, afu Desemba kuelekea mwaka mpya, hapo hata ukipiga simu kwa sauti tamu kiasi gani nafasi ya kushusha ni ndogo. Ila masika, Aprili na Mei, hoteli nyingine zinafunga kabisa na zilizobaki zinatafuta mtu, huo ndo wakati wetu, mvua hainyeshi siku nzima jamani. Mwezi wa Ramadhani nao bei zinakuwa chini ila ujue migahawa mingi midogo ya Mji Mkongwe mchana imefungwa, kwa hiyo chukua sehemu yenye chai na chakula, na uvae na kula kwa heshima. Februari kukiwa na tamasha la Sauti za Busara Mji Mkongwe unajaa, kama huendi kwenye muziki chagua tarehe nyingine. Afu mambo ya bahari, picha za Paje na Jambiani zinapigwa maji yakiwa yamejaa, upande ule wa mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali sana unabaki na mchanga na mashamba ya mwani, pazuri kupita maelezo ila kama unataka watoto waoge muda wowote basi Nungwi na Kendwa ndo maji hayaendi mbali. Kuna hoteli za bei chini upande wa mashariki ambazo mtu analipia afu analalamika bahari imekimbia, bahari iko sawa, hakuulizia tu. Na hukodi teksi ya dola, daladala namba 116 inatoka mjini inakufikisha Nungwi.

Habari ya dola sasa. Bado utakuta mtu anakutajia chumba ni dola 40. Machi 2025 zilitoka kanuni za kuzuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo una haki kabisa ya kuomba utajiwe bei kwa shilingi na ulipe kwa shilingi, omba kwa upole tu. Na uliza kama kodi na tozo zipo humohumo kwenye bei, kwenye aplikesheni mara nyingine zinaandikwa kwa herufi ndogo chini kule na zinakuja kujitokeza siku ya kulipa.

Bara nako kuna misimu ambayo mtu hafikirii. Dodoma kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, wabunge, madereva wao, wataalamu wa wizara, waandishi, kila mtu yuko pale, gesti ya 30,000 inapanda na bado inajaa. Morogoro na Dodoma wakati wa mahafali ya vyuo hivyohivyo. Moshi mwisho wa Februari kwenye mbio za Kilimanjaro Marathon. Kabla hujakasirikia bei angalia kwanza kuna nini mji ule wiki ile, ukisogeza siku tatu tu mbele unaweza ukakuta chumba kilekile kimerudi bei yake.

Lini basi mtandao unashinda simu? Kwa mimi ni pale ninapokwenda nje ya nchi au mji ambao sijui mtu na nafika usiku. Nairobi na Kigali zile nyumba zenye fanicha na jiko za Airbnb ni nyingi, mkiwa watu watano kwa wiki nzima hakuna hoteli itakayoshindana nazo, mnanunua mboga mnapika. Kwa usiku mmoja hapana, kwa sababu wengi wanaweka ada ya usafi ambayo ni ileile ulale usiku mmoja au saba, ukiigawa kwa usiku mmoja inauma. Angalia jumla ya mwisho kabisa, usiangalie ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa pale juu. Booking nako fungua akaunti kwanza maana ukiingia na akaunti wana ule mpango wao wa Genius, daraja la kwanza kabisa linakupa asilimia 10 kwenye baadhi ya nyumba, na linganisha na hiyo bei ndo upige simu. Kama safari haijathibitika chagua chumba chenye ruhusa ya kufuta bila kukatwa, hata kama kimezidi kidogo, soma tarehe ya mwisho ya kufuta uiweke alamu kwenye simu. Ila tafadhali ukijua huendi futa mapema, usimuache mtu wa watu anakaa na chumba kitupu usiku mzima akikusubiri.

Matapeli sasa, maana huku ndo wanapopatia watu. Kuna kurasa za Instagram zinaiba picha za nyumba nzuri za Zanzibar au Bagamoyo, wanaweka bei ya kutupa, wanakuambia wamebaki na chumba kimoja tuma adivansi sasa hivi. Ukituma unazuiwa, umeblokiwa. Mi situmi hata senti kabla sijaona jina linalokuja kwenye simu wakati wa kulipa, likija jina la mtu binafsi ambalo halifanani na biashara nauliza, na napendelea lipa namba yenye jina la hoteli. Picha naipitisha Google Lens nione imetokea wapi pengine. Namba ya simu nailinganisha na ile iliyopo Google Maps. Na adivansi yangu haizidi usiku mmoja. Anayetaka hela yote ya siku tano mbele kwa mtu asiyemjua, na siyo msimu, ana haraka ambayo mi sina.

Ukifika usilipe kwanza. Omba uone chumba, washa feni au AC, fungua bomba la maji ya moto uache yatoke dakika mbili, vuta shuka uangalie, funga mlango kwa ndani uone komeo linashika. Kama hakifanani na video sema hapohapo kwa adabu, mara nyingi kuna kingine ghorofa ya nyuma. Fanya haya kabla hujaandika kwenye daftari la wageni lile la jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, maana ukishaandika na kulipa hamna tena anayekuja kukubadilishia bei. Chukua risiti. Asubuhi ukiondoka kama umepapenda muombe dada wa mapokezi namba ya kaunta yenyewe, siyo ya bosi, uisevu na jina lake na mji, "Mama Fulani lodji Songea", ili safari nyingine ukihitaji chumba unampigia moja kwa moja na anakuambia mwenyewe kama wiki hiyo mji umejaa.